Sura ya Kisogo: Swali la Maadili katika Picha ya Mwanamke Aliyegeuka

Waswahili husema akupaye kisogo si mwenzio. Husema pia kwamba uso umeumbwa na haya. Semi hizi mbili zikiwekwa pamoja zinabeba nadharia ya utu iliyo pana kuliko wanavyodhani wengi wanaozitumia. Ya kwanza inadai kwamba ujamaa unakaa usoni, na kwamba mtu akigeuka amekwisha kuukata. Ya pili inadai kwamba uso ndio unaomlinda mtu: mdaiwa hushindwa kumtazama mdai wake machoni, na mwombaji hupata kwa kuwa anayeombwa huona haya kumnyima mtu aliyesimama mbele yake. Basi mgongo umebakiwa na nini? Hauoni, haujibu, hauna haya ya kuonyesha. Anayetazamwa kwa nyuma hajui kwamba anatazamwa, na hata akijua hana njia ya kulirudisha jicho lililomwelekea. Si ajabu kwamba msengenyaji hunenwa kuwa anamsema mwenziwe nyuma ya kisogo.

Tatizo hili la maadili linajitokeza kwa ukali zaidi katika aina moja ya picha za rangi ya mafuta, yaani picha ya mwanamke aliyechorwa kwa karibu akiwa amempa mtazamaji mgongo. Mfano ulio mashuhuri ni kazi ya mchoraji wa Denmaki, Vilhelm Hammershøi (1864–1916), iitwayo Hvile, yaani Mapumziko, aliyoichora mwaka 1905 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Ni turubai dogo, halifiki nusu mita kwa upana wala kwa urefu. Mwanamke ameketi kitini, amelegea kidogo, nywele zake zimefungwa juu, na ukosi wa shingo yake umeachwa wazi. Kando yake kuna bakuli jeupe lenye umbo la ua. Mbele yake mna ukuta. Rangi ni za kijivu, hudhurungi, na weupe uliofifia. Mwanamke huyo anadhaniwa kuwa ni Ida Ilsted, aliyeolewa na mchoraji huyo mwaka 1891 na ambaye alichorwa naye mara nyingi kwa nyuma katika nyumba yao ya Strandgade 30, Copenhagen, walimoishi tangu mwaka 1898 hadi 1909. Katika picha nyingine ya mwaka 1904 amesimama na sinia mkononi, na hapo pia uso hauonekani.

Swali ni hili: je, picha ya namna hiyo humheshimu mwanamke aliyechorwa au humnyang'anya? Na kama ni heshima, ni heshima ya nani kwa nani?

Mhakiki aliyezoea kugawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui atapata shida hapa mara moja, kwa sababu maudhui yenyewe yamegeuka. Katika picha ya kawaida ya mtu, uso ndio unaosomwa: huzuni, kiburi, umri, cheo. Hapa msomaji amenyimwa ukurasa. Wahakiki wengi wa Ulaya wameziba pengo hilo kwa neno upweke. Wanasema kwamba Ida ametengwa na ulimwengu, kwamba nyumba yake ni kimya, kwamba ndoa yenyewe huenda ilikuwa baridi. Fasiri hiyo haikosi msingi, maana vyumba vya Hammershøi ni vitupu kweli. Lakini imejengwa juu ya dhana ambayo haikuthibitishwa, ile ile iliyomo katika methali: kwamba aliyetoa kisogo amejitenga. Ikiwa dhana hiyo ni mbovu, jumba zima la fasiri linayumba.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba mgongo wa mwanamke katika sanaa ni kisingizio cha tamaa tu. Hoja yao ina ushahidi mzito. Katika jumba la National Gallery la London imo picha ya Diego Velázquez ya katikati ya karne ya 17, inayomwonyesha Venus akiwa uchi, amelala na mgongo kwa mtazamaji, uso wake ukionekana kwa ukungu katika kioo. Machi 10, 1914, Mary Richardson, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliingia na kisu cha kukatia nyama akaichana mgongoni mara kadhaa, akipinga kukamatwa kwa kiongozi wao Emmeline Pankhurst. Miaka mingi baadaye alieleza pia kwamba hakupenda jinsi wanaume walivyokuwa wakiikodolea macho. Mtu aweza kulaani kisu na bado akakubali kwamba Richardson alikuwa ameona jambo: mgongo ule umepangwa ili atazamaye asizuiwe na haya. Uso umewekwa kiooni, mbali, kama mlinzi aliyehongwa.

Hata hivyo Hammershøi hakumvua Ida nguo, na alichokiacha wazi ni ukosi wa shingo tu. Ni sehemu ambayo mwenyewe haioni maishani mwake bila vioo viwili. Kuna kitu katika hali hiyo kinachodai maelezo tofauti.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Emmanuel Levinas, alijenga karibu maadili yake yote juu ya uso wa mtu mwingine. Kwake yeye, uso ndio unaomwamuru mtu asiue. Mtu angetazamia kwamba mwenye falsafa kama hiyo angekubaliana na methali ya Waswahili bila shaka yoyote. Lakini katika uzee wake Levinas alivutiwa na tukio moja katika riwaya ya Mrusi Vasily Grossman kuhusu enzi ya Stalin. Jamaa za waliokamatwa wanapanga foleni mjini Moscow kungoja habari za wapendwa wao, na kila mmoja hana cha kutazama ila mgongo na shingo ya aliye mbele yake. Na katika migongo hiyo anasoma hofu na matumaini yote ya aliyesimama pale. Levinas alihitimisha kwamba kile alichokiita uso si lazima kiwe macho na pua. Ukosi wa shingo waweza kuwa uso. Mtu aliyegeuka waweza kumwona akiwa hana kinga, na huko kukosa kinga ndiko kunakoamuru.

Hoja hiyo ni nzito, lakini imetoka katika foleni ya hofu. Inafaa kuuliza kama mgongo una maana ile ile mahali ambapo watu wanautazama kila siku pasipo hofu hiyo. Mahali pamoja pa kujaribia swali hili ni Mata, upande wa Taveta wa Kaunti ya Taita Taveta, kusini mwa mji wa Taveta kuelekea Ziwa Jipe, ambako ng'ambo ya maji huonekana milima ya Upare ya Tanzania na upande wa mashariki kuna Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Picha ya Hammershøi haina deni lolote kwa Mata. (Mchoraji alifariki Februari 13, 1916, siku moja baada ya majeshi ya Uingereza na ya Afrika Kusini kushindwa na Wajerumani katika kilima cha Salaita, safari fupi tu kutoka hapo; lakini historia hupenda kukutanisha tarehe zisizokuwa na la kuambiana.) Mata imechaguliwa kwa sababu huko, kama kwingi katika Afrika Mashariki, mgongo wa mwanamke una kazi tatu ambazo Strandgade haikuzijua, na kila moja inabadili swali.

Kazi ya kwanza ni kubeba. Mtoto hufungwa mgongoni kwa mbeleko, shavu lake likigusa mwili wa mama, na kwa saa nyingi za mchana anachokiona cha mama yake ni kisogo. Uso wa mama anaukuta wakati wa kunyonya na wa kubembelezwa. Kazini, njiani, kisimani na shambani, mama ni ukosi wa shingo wenye jasho, nywele zilizosukwa au kufungwa kitambaa, na sauti inayopita mifupani kabla ya kufika sikioni. Mtoto huyo hasengenyi kwa kutazama nyuma. Hajanyimwa kitu. Amewekwa mahali hapo na mama mwenyewe, na hakuna mahali palipo salama kuliko hapo.

Mtu aliyelelewa hivyo akisimama mbele ya picha ya mwaka 1905, kwa nini aanze na upweke? Umbali wa mtazamaji na shingo ile ni mdogo mno kuwa umbali wa mgeni. Ni umbali wa mtu aliyeruhusiwa. Kwa msomaji wa namna hii Mapumziko si picha ya mwanamke aliyetengwa na mtu. Ni picha ya mtu fulani, asiyeonekana, aliye karibu naye kiasi cha kuhesabu vinyweleo vya ukosi wake, na ambaye mwanamke huyo hana haja ya kugeuka ili ahakikishe kwamba yupo. Kimya cha chumba kinabaki kilivyo, lakini kinaacha kuwa baridi. Haidaiwi hapa kwamba fasiri ya Copenhagen ni uongo na ya Mata ni kweli. Kinachodaiwa ni kwamba neno upweke lilitoka kwa wahakiki, wala halikuandikwa katika turubai.

Kazi ya pili ya mgongo ni kuongoza. Vijia vya shambani ni vyembamba, na watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Anayetangulia ndiye anayekuwa wa kwanza kukutana na nyoka, na katika sehemu zinazopakana na Tsavo ndiye wa kwanza kukutana na ndovu aliyetoka hifadhini usiku kuingia mashambani. Huyo anawapa wenziwe kisogo kwa sababu macho yake yana kazi mbele. Hapa methali imegeuzwa juu chini: akupaye kisogo ndiye mwenzio hasa, maana amekubali kupatwa kabla yako. Ni kweli kwamba kuna kisogo cha kuondoka na kisogo cha kutangulia, na kwamba jicho peke yake haliwezi daima kuvitofautisha. Katika michoro ya Mjerumani Caspar David Friedrich mwanzoni mwa karne ya 19, aliyegeuka hutazama jua au bahari, na mtazamaji hualikwa kutazama pamoja naye. Hammershøi ameuweka ukuta pale penye jua. Mwanamke wake hatangulii kwenda popote, na pengine ndiyo maana picha yake ni ngumu zaidi kimaadili kuliko ya Friedrich: mtazamaji hana kisingizio cha kutazama kitu kingine.

Kazi ya tatu ni kusema, na hii ndiyo inayowahusu wahakiki wa fasihi moja kwa moja. Leso, au kanga kama inavyoitwa kwingineko, ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa karibu na ukingo wa chini. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887 na ambayo leso zake zinajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, hutajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa walioeneza desturi ya kutia maneno hayo. Mwanamke akijifunga kipande kimoja cha doti kiunoni, jina hukaa nyuma. Yeye mwenyewe hawezi kulisoma. Analisoma anayekuja nyuma yake.

Uzito wa jambo hili haujathaminiwa vya kutosha. Ni utanzu wa fasihi andishi ambao ukurasa wake ni mgongo wa mtu aliye hai, na ambao msomaji wake analazimika kusimama mahali ambapo msengenyaji husimama. Kwa hiyo mgongo wa mwenye leso haukosi ulimi. Umelitangulia jicho. Jirani mwenye husuda anayemtazama mwenziwe akipita kuelekea sokoni hukuta amekwisha kujibiwa kabla hajafungua kinywa: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Na mwenye leso akiulizwa, atasema kwamba alinunua rangi tu, maneno hakuyaangalia. Ulinzi ambao semi za awali ziliukabidhi uso peke yake, wanawake wa pwani na wa bara iliyopokea leso wameuhamishia mahali ambapo uso haufiki. Mwanamke wa namna hii akichorwa kwa nyuma hatakuwa amechorwa upande wake ulio bubu.

Kufikia hapa msomaji aweza kudhani kwamba swali limekwisha kujibiwa kwa upande wa picha: mgongo hubeba, huongoza, husema, basi achorwe. Lakini mambo si mepesi hivyo, na ugumu wenyewe unaonekana zaidi nje ya sanaa.

Katika taarifa za habari za televisheni nchini Kenya ni kawaida mwanamke aliyetendewa ukatili kuonyeshwa kwa nyuma anapotoa ushuhuda wake. Kamera huwekwa mgongoni pake, au pembeni penye giza, sauti ikabadilishwa. Nia ni njema, na sheria iko upande wake: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaipa mahakama uwezo wa kumlinda shahidi aliye hatarini, pamoja na kuzuia utambulisho wake usitangazwe. Kisogo kimekuwa kinga. Lakini ni kinga dhidi ya nani? Mtazamaji wa Nairobi au wa Kisumu hatamtambua. Jirani wa Mata atamtambua kabla hajatamka neno la pili. Atamjua kwa leso, kwa namna anavyokunja bega, kwa kovu dogo chini ya sikio, kwa jinsi anavyofunga nywele. Kama anaogopa wageni, amelindwa. Kama anayemwogopa anaishi nyumba ya tatu, basi kumgeuza hakukumfaa kitu, na huenda kumemdhuru, kwa maana alihakikishiwa kwamba hataonekana.

Jambo hilo, ambalo kila mhariri wa habari angepaswa kulifikiria kabla ya kuweka kamera, linafichua asili ya picha ya mgongo kwa jumla. Uso ni cheti cha hadharani: mgeni aliyeuona mara moja aweza kuuonyesha kwa kidole kesho. Kisogo ni maarifa ya ndani. Humficha mtu kwa asiyemjua na humfichua kwa anayemjua. Kwa sababu hiyo picha ya mwanamke aliyegeuka huwagawa watazamaji wake katika makundi mawili, hata kama wamesimama bega kwa bega mbele ya turubai lile lile. Wengine wanamwona mwanamke fulani. Mmoja au wawili wanamwona Ida.

Hapa ndipo inapofaa kulinganisha na picha za uso zilizochorwa nchini Kenya kwenyewe. Karen Dinesen, aliyekuja kujulikana kama Karen Blixen, alisomea uchoraji katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen tangu mwaka 1903, wakati Hammershøi alipokuwa akimchora mkewe katika mji huo huo. Aliishi Kenya tangu mwaka 1914 hadi 1931, na huko alichora kwa rangi ya mafuta picha kadhaa za Waafrika. Mojawapo ni ya msichana wa Kikuyu. Uso upo wazi kabisa, umechorwa kwa uangalifu na bila dhihaka. Lakini anwani ya picha inamwita msichana wa Kikuyu, basi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson awachore watu wa makabila mbalimbali ya Kenya na mapambo yao kabla hayajatoweka. Alichora mamia, na nyingi kati ya picha hizo zimo katika Makumbusho ya Taifa. Ni hazina ya mavazi na shanga isiyo na kifani. Kama ni hazina ya watu ni swali jingine. Uso katika mpango kama huo huwa kielelezo: unatazama mbele, macho kwa macho, na bado anayeutazama haulizwi chochote na mtu huyu mmoja, kwa maana amewekwa pale asimame badala ya maelfu.

Haki yataka isemwe kwamba Hammershøi naye hakuandika jina la mkewe katika anwani za picha nyingi za namna hii. Mapumziko ni Mapumziko, na ile ya 1904 inamtaja mwanamke kijana tu. Tofauti ni kwamba kisogo cha Ida hakikupata kuwa kielelezo cha kisogo cha wanawake wa Denmaki. Kilibaki chake. Ushahidi kwamba kuonyesha uso si sawa na kumtambua mtu, na kwamba kuuficha si sawa na kumfuta, hauhitaji kutafutwa mbali zaidi ya hapo. Wanaodhani kwamba dawa ya unyonyaji wa macho ni kumgeuza kila mwanamke aliyechorwa atazame mbele wangefanya vyema kupita tena mbele ya zile picha za makabila.

Lakini deni la mchoraji bado lipo, na ni la aina nyingine. Yule aliyesimama nyuma ya Ida mwaka 1905 alikuwa na haki ya kusimama hapo, na haki hiyo alipewa na Ida. Kisha picha ilitoka nyumbani. Leo mtu yeyote aliyelipa kiingilio mjini Paris anasimama pale pale alipokuwa mume, kwa umbali ule ule, na hakuna aliyempa ruhusa. Anapata kwa dakika mbili mahali ambapo mtoto wa Mata alipapata kwa kuzaliwa na mume kwa ndoa. Tendo lenyewe la kuchora halikuwa wizi. Ila kila mtazamaji mpya hurithi mahali pasipo kurithi uhusiano. Kumlaumu mchoraji kwa hilo pekee ni kulaumu sanaa yote, maana hata mshairi anayemsifu mpenzi wake huwafungulia mlango watu asiowajua. Kilicho mahususi hapa ni kwamba mwanamke aliyegeuka hawezi kumwona aliyeingia. Mwenye picha ya uso hukutana na kila mgeni, walau kwa mfano. Ida hajui kwamba mume ameondoka na kwamba aliyesimama nyuma yake sasa ni mtu mwingine.

Je, yafaa basi mgeni aondoke? Levinas angesema abaki, lakini abaki kama mtu aliyeamriwa. Mtu wa Mata huenda angesema jambo la kawaida zaidi: anayemkuta mtu kwa nyuma hupiga hodi, au hukohoa, au huburuta miguu ili asikike. Ni adabu ndogo ambayo watoto hufunzwa mapema, na wahakiki wangeweza kujifunza kwayo. Fasiri inayomrukia Ida na kumwambia kwamba ana huzuni, kwamba ndoa yake imekufa, kwamba yeye ni nembo ya mwanamke wa tabaka la kati katika jiji la kibepari, imeingia bila hodi. Fasiri inayosema kwanza kilichopo, shingo, nywele, kiti, bakuli, ukuta, na kukaa hapo kwa muda kabla ya kudai zaidi, imekohoa mlangoni. Tofauti ya fasiri hizi mbili si ya mbinu tu. Ni tofauti ya kimaadili, na inawahusu pia wale wanaofasiri mashairi ya watu waliokwisha kufa.

Limebaki tatizo moja la utendaji ambalo mchoraji yeyote atakayetaka kumchora mwanamke wa Mata kwa nyuma, kwa rangi ya mafuta, kwa karibu, hataliepuka, nalo Hammershøi hakukutana nalo kwa kuwa nguo ya Ida haikuwa na maandishi. Ni jina la leso. Akiyachora maneno yasomeke, amempa mwanamke ulimi, lakini macho ya watazamaji yatakimbilia maandishi na kuiacha shingo, na picha itageuka kuwa tangazo. Akiyafifiza yawe madoa ya rangi tu, kama afanyavyo mchoraji kwa maua ya pazia, amemnyamazisha mtu aliyekuwa anasema. Akibuni maneno yake mwenyewe yapendezayo zaidi, amemvika mwenziwe usemi asiouchagua na asioweza kuuona, jambo ambalo ni baya kuliko kumchora bila ruhusa. Inampasa aulize. Na mwanamke, akisikia namna jambo hilo linavyojadiliwa nyuma yake, aweza kabisa kusimama, akaifungua leso, akaigeuza nje ndani ili herufi ziwe kinyume na hafifu, akaifunga tena, akaketi.